Shanga Zinazotaja Majina ya Mimea



Leo tuzungumze juu ya kazi mbili za mikono: kuchora mimea na kutunga shanga. Tumezoea kuziweka mbalimbali. Michoro ya mimea tunaikuta katika vitabu vya wataalamu, na majina ya Kilatini chini ya kila picha. Ushanga tunaukuta shingoni, kiunoni, kwenye kifundo cha mkono, au umetandazwa juu ya turubai la mwuzaji sokoni. Kazi ya kwanza tumeiita elimu. Ya pili tumeiita pambo. Mimi nasema mgawanyo huo umetukosesha mengi, na shahidi wangu leo ni mchoraji wa Kanada, mwanamke aitwaye Christi Belcourt.

Katika jumba la sanaa la Ontario, mjini Toronto, kuna mchoro wake aliouchora mwaka 2014. Jina lake, kwa lugha yetu, ni Hekima ya Ulimwengu. Ni mchoro mkubwa: upana wake unakaribia mita 3, na kimo chake kinapita mita moja na nusu. Juu ya mandhari ya giza yametandaa mashina, majani, maua, matunda na mizizi, na ndani yake wamo ndege na vipepeo, vyote vikiunganishwa na vikonyo vinavyopindapinda toka upande huu hadi ule. Ukisimama mbali nao utasema ni kazi ya shanga, imeshonwa juu ya mahameli. Ukisogea, unagundua kwamba hapo hapana ushanga hata mmoja. Ni rangi tupu. Kila ulichodhani ni ushanga ni nukta moja ya rangi, ya mviringo, iliyoinuka kidogo juu ya kitambaa.

Nukta hizo Belcourt huzipata kwa njia nyepesi kuieleza, nzito kuitenda. Huchovya ncha ya mpini wa brashi, au sindano ya kufumia, ndani ya rangi, kisha huigusisha kwenye kitambaa. Nukta moja. Anachovya tena, anagusisha tena. Mchoro mmoja hubeba nukta kwa maelfu. Na hakuna njia ya mkato, kama vile mtunga shanga asivyokuwa na njia ya mkato.

Kwa nini mtu mwenye rangi na brashi achague kuigiza ushanga? Ili tupate jibu, inatubidi tuwajue watu wake.

Belcourt, aliyezaliwa mwaka 1966, ni wa jamii ya Métis. Hao ni watu waliotokana na ndoa za wanawake wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, hasa Wacree na Waojibwe, na wanaume wa Kifaransa na wa Kiskoti waliokwenda huko kwa biashara ya ngozi za wanyama wenye manyoya. Kizazi baada ya kizazi wakawa taifa lenye mila zake, nyimbo zake na lugha yake, Michif, ambayo vitenzi vyake vingi ni vya Kicree na nomino zake nyingi ni za Kifaransa. Mwaka 1885 walipigana na serikali ya Kanada kutetea ardhi yao mahali paitwapo Batoche, wakashindwa, na kiongozi wao, Louis Riel, akanyongwa mwezi Novemba mwaka huohuo. Ilichukua karibu miaka mia moja, hadi mwaka 1982, kwa katiba ya Kanada kuwataja kwa jina miongoni mwa watu wa asili wa nchi hiyo.

Katika miaka hiyo yote ya kunyimwa ardhi na kudharauliwa, wanawake wa Kimétis walishona. Walishona maua ya shanga kwenye makoti ya ngozi, kwenye mifuko ya tumbaku, kwenye glavu, kwenye matandiko ya mbwa wanaokokota mikokoteni ya theluji, na kwenye viatu vya ngozi laini viitwavyo mokasini. Majirani wakawabandika jina: watu wa shanga za maua. Fikiri, msikilizaji, taifa zima likatambulikana kwa kazi ya sindano za wanawake wake.

Shanga zenyewe hazikutoka kwao. Kabla ya kioo, wenyeji wa huko walipamba ngozi kwa miiba ya nungunungu. Waliilainisha, wakaipaka rangi zitokanazo na mizizi, magome na matunda, kisha wakaishona. Wafanyabiashara wa ngozi walipofika, walileta shanga ndogondogo za kioo kutoka Venice, na baadaye kutoka Bohemia, katika nchi tunayoiita leo Jamhuri ya Cheki. Masista Wakatoliki nao walileta darizi. Waursula walifika Quebec mwaka 1639, na Masista wa Kijivu wakafika bonde la Mto Red mwaka 1844. Katika shule zao, wasichana walifundishwa kushona maua ya Ulaya kwa nyuzi za hariri.

Lakini ua halikubaki la Ulaya. Wanawake hao waliijua mimea ya kwao kwa kuichimba, kuichuma, kuikausha na kuinywesha wagonjwa. Walipopewa sindano na shanga, wakaanza kushona kile walichokijua: waridi la porini, tunda la stroberi lenye ua na jani lake, kikonyo chenye chipukizi. Ufundi wao ulikuwa wa sindano mbili. Ya kwanza hupitisha uzi ndani ya shanga, ya pili hufuata nyuma na kuushikiza uzi huo kwenye ngozi kila baada ya shanga mbili au tatu, ndiyo maana mstari unaweza kupinda kama kikonyo bila kukatika. Kwenye mashina walitia vijistari vifupi vyenye ushanga nchani, na pambo hilo likaitwa nyayo za panya. Na wapo mafundi ambao hutia kwa makusudi ushanga mmoja wa rangi isiyostahili mahali pake, kukiri kwamba ukamilifu ni wa Muumba peke yake.

Huo ndio urithi ambao Belcourt aliupokea, na ndio anaouandika upya kwa nukta zake.

Sasa tugeukie mkono wa pili, mkono wa mchoraji wa mimea.

Kuchora mmea kitaalamu ni kazi yenye masharti. Mchoraji hachori jani alilolipenda kwa sababu linang'aa. Anatakiwa aonyeshe jani lote, uso wake na mgongo wake, mishipa yake inavyogawanyika, meno ya ukingoni, namna linavyoshikana na shina. Aonyeshe ua likiwa limefunga na likiwa limefunguka, tunda bichi na tunda bivu, mbegu, na mara nyingi ua lililopasuliwa katikati ili viungo vya ndani vionekane. Vipimo viwe sahihi. Mtu aliye upande wa pili wa dunia aweze kuutambua mmea huo kwa picha hiyo tu. Watu huuliza, kamera si ipo? Kamera hupiga picha ya mmea mmoja, siku moja, katika mwanga mmoja, pamoja na jani lake lililoliwa na kiwavi. Mchoraji huangalia mimea mingi ya aina moja, akachora ile sura inayoiunganisha yote. Ndiyo maana jarida la Kiingereza lililoanzishwa na William Curtis mwaka 1787 linachapisha michoro ya mimea mpaka leo.

Kazi hiyo imetuhifadhia mengi. Lakini tangu zamani imekuwa na pengo moja kubwa: picha hubaki, jina la aliyeujua mmea hupotea.

Nitakupa mfano wa karibu. Milima ya Usambara, mkoani Tanga, ndiyo asili ya ua dogo la zambarau ambalo leo limo madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani. Mwaka 1892 ofisa wa utawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilituma Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya ofisa huyo na baba yake. Mwaka 1895 mchoro wake ukatoka katika jarida hilohilo la Curtis. Dunia ikalijua ua la Usambara kwa jina la Mjerumani. Wasambaa, ambao mababu zao waliishi nalo kwenye mawe yenye kivuli na unyevu, hawamo ndani ya jina hilo.

Haikuwa lazima iwe hivyo, na tunajua haikuwa lazima, kwa sababu yuko aliyefanya vingine karibu miaka mia mbili kabla. Maria Sibylla Merian, mchoraji wa wadudu na mimea, alifika Suriname, Amerika ya Kusini, mwaka 1699, na kitabu chake kikatoka mwaka 1705. Alipochora ua fulani jekundu na la manjano, aliandika kwamba wanawake watumwa walimweleza kuwa hutumia mbegu zake kuharibu mimba, ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Aliandika kwamba amelisikia jambo hilo kutoka vinywani mwao. Miongoni mwa wanawake hao walikuwamo waliotekwa Afrika. Ukurasa mmoja wa mimea, na ndani yake umo ushahidi wa mateso ya watu. Mchoro wa mmea unaweza kubeba uzito wa namna hiyo mchoraji akikubali kusikiliza.

Belcourt ni mtu wa kusikiliza. Mwaka 2007 alitoa kitabu kuhusu mimea-dawa ya Wamétis. Humo mimea aliyoichora kwa nukta imeandamana na maelezo ya matumizi yake, na majina yake yametolewa katika lugha za wenyeji wenyewe, Michif ikiwamo. Maarifa hayo yametoka kwa wazee, na wazee hao wametambuliwa. Tazama anachokifanya hapo. Amechukua ukweli wa mchoraji wa kitaalamu, kwamba mmea huu uonekane ni mmea huu na si mwingine. Amechukua lugha ya bibi zake, lugha ya shanga. Akaviweka kwenye ukurasa mmoja, na jina la wenyeji likawa mahali ambapo zamani lilikuwa jina la afisa.

Jambo moja hujirudia katika michoro yake: mizizi. Mpambaji wa kawaida hukata ua shingoni akalitia chomboni. Belcourt huchora mmea pamoja na mizizi yake, wazi, na ameeleza sababu: kila kilicho hai hulishwa na ardhi, na maisha yana mengi yasiyoonekana juu ya uso. Anayechimba dawa anaelewa haraka. Mizizi mara nyingi ndiyo dawa yenyewe, na ndiyo ambayo mchimbaji mlafi akiing'oa yote, mwakani hakuti kitu.

Turudi kwenye ule mchoro wa Toronto, Hekima ya Ulimwengu, kwa sababu uzuri wake una kilio ndani yake. Belcourt ameeleza kwamba katika jimbo la Ontario aina zaidi ya 200 za mimea na wanyama zimo hatarini au zimekwisha kutoweka, na baadhi yake amezichora humo. Limo ua dogo la jamii ya airisi linaloota ufukweni mwa yale Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini tu, duniani kote hapana pengine. Imo okidi nyeupe ya mbugani. Wamo ndege wawili wadogo wa misitu. Na yumo kipepeo wa buluu aitwaye Karner, ambaye haonekani tena Ontario. Kiwavi wa kipepeo huyo hula majani ya mmea mmoja tu, lupini ya porini. Lupini ilipopungua, kipepeo akaondoka. Anayeutazama mchoro huo anafurahia rangi kwanza. Halafu anaambiwa kwamba sehemu ya anachokifurahia haipo tena nje ya dirisha. Takwimu za viumbe vinavyotoweka zimo katika ripoti nyingi, na ripoti nyingi hazisomwi. Mbele ya mchoro huu watu husimama kwa muda mrefu.

Na kazi ya Belcourt haikuishia kwenye mimea. Mwaka 2012 aliwaomba watu washone vipande vya juu vya mokasini, vile vinavyofunika uso wa mguu, kwa ajili ya wanawake na wasichana wa asili waliouawa au kupotea nchini Kanada. Polisi wa nchi hiyo, katika ripoti yao ya mwaka 2014, walitaja wanawake 1,181 kati ya mwaka 1980 na 2012. Belcourt aliomba jozi 600. Zikaja zaidi ya 1,700, kutoka kwa washonaji wa kila aina, wengine wakishika sindano kwa mara ya kwanza. Viatu hivyo viliachwa bila kumalizika, kwa sababu maisha ya wanawake hao yalikatizwa. Vilizungushwa mji kwa mji tangu mwaka 2013 hadi 2019, vikipokewa na wazee kwa taratibu za matanga. Jozi nyingi kati ya zile zilikuwa na maua. Hapo ushanga ulikuwa rambirambi na ulikuwa madai ya haki, vyote kwa pamoja, na hakuna aliyethubutu kuuita pambo.

Kazi yake nyingine iliwekwa mwaka 2012 ndani ya jengo la Bunge la Kanada, mjini Ottawa: dirisha la vioo vya rangi, juu ya mlango waliokuwa wakipitia wabunge. Dirisha hilo ni kumbukumbu ya watoto wa wenyeji, wapatao 150,000, waliochukuliwa kwa wazazi wao na kutiwa katika shule za bweni ili wasahau lugha na mila zao. Serikali iliomba radhi rasmi tarehe 11 Juni 2008. Mbunge aliyeingia kazini kwa mlango ule alipita chini ya kumbukumbu hiyo.

Kisha likaja soko. Nyumba ya mitindo ya Valentino, ya Italia, iliomba kutumia mchoro wake uitwao Wimbo wa Maji katika nguo zake za msimu wa mwaka 2016. Belcourt hakukimbilia kutia saini. Alichunguza kwanza mwenendo wa kampuni hiyo kuhusu mazingira, ndipo akakubali. Nguo zikatoka, na jina lake likatajwa. Nalisisitiza hili kwa sababu sisi huku tunayajua machungu ya upande wa pili. Mistari ya shanga na mashuka ya Wamasai, na hata jina lao, vimetumiwa na makampuni ya ng'ambo kwa miaka mingi, na Wamasai wenyewe wamelazimika kuunda vyama vya kudai haki yao.

Hapa ndipo habari ya Kanada inapokutana na yetu, msikilizaji. Shanga za kioo za Venice na Bohemia zilizofika kwa Wamétis kwa mitumbwi ya mito ya kaskazini ndizo zilizofika Zanzibar na Bagamoyo kwa merikebu, zikapanda bara vichwani mwa wapagazi. Henry Morton Stanley, alipojiandaa kwa safari yake ya mwaka 1871, ilimbidi ajifunze kwanza shanga zipi zinakubalika wapi. Aliandika kwamba nyeusi zilipokewa Ugogo na kukataliwa kwingine, na kwamba zile kubwa ziitwazo sungomaji zilikuwa na thamani Ujiji na hazikutakiwa penginepo. Mwenye msafara aliyebeba rangi isiyopendwa alilala njaa akiwa na magunia ya mali. Kiwanda kilikuwa Ulaya, lakini uamuzi wa kipi ni kizuri ulikuwa wa wanawake na wanaume wa Ujiji na Ugogo.

Na hata kabla ya kioo, tulikuwa na zetu. Huko Tumbe, kaskazini mwa Pemba, wanaakiolojia wamekuta kwa wingi vipande vya vyungu vyenye mifereji iliyochimbika kwa kusugulia shanga za kombe, kazi ya mafundi wa karne ya 7 hadi ya 10. Wanawake wa mwambao wameendelea kuvaa utunda kiunoni hadi leo. Na mwanamke wa Kimasai anayekaa chini ya mti kutunga mkufu mpana wa shingoni, akikuelezea rangi zake, atakwambia nyeupe ni maziwa, buluu ni mbingu iletayo mvua, na kijani ni majani yanayolisha ng'ombe. Mkufu huo ni maelezo ya nchi na ya uhai wake.

Mwanamke huyohuyo anajua mengi ambayo mkufu hausemi. Anaujua mzeituni mwitu, oloirien, ambao vijiti vyake huchomwa ili moshi na mkaa wake usafishe kibuyu cha maziwa. Anaijua migunga ambayo gome na mizizi yake huchemshwa pamoja na supu ya nyama. Maarifa hayo yamo kichwani mwake, na akifa bila kuyarithisha, yanazikwa naye.

Kwa upande wa michoro, tunayo hazina jijini Nairobi. Joy Adamson, ambaye wengi wanamjua kwa habari za simba Elsa, alikuwa mchoraji wa mimea kabla ya kuwa mtu wa simba. Aliwasili Kenya mwaka 1937, akaolewa na mtaalamu wa mimea Peter Bally, na akaanza kuchora maua ya porini kwa mamia. Mwaka 1947 chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza kilimpa medali ya dhahabu kwa kazi hiyo. Baadaye alichora watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi na shanga zao. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yanahifadhi kazi zake. Mkono mmoja ulichora ua, na mkono huohuo ukachora ushanga. Lakini vikabaki mafungu mawili: mimea kwa wataalamu wa mimea, watu kwa wataalamu wa mila. Kuyaunganisha ni kazi iliyoachwa kwetu.

Sisemi mtunga shanga wa Kimasai aache mistari na pembe zake akaanze kushona maua ya Wamétis. Mistari ile ni lugha yake, na imekamilika. Ninachosema ni kwamba kanuni ya Belcourt inaweza kufuatwa hapa kwa lugha zetu wenyewe. Kanuni hiyo ina mambo matatu. Uujue mmea kwa kweli, mzizi hadi mbegu. Utumie ufundi uliorithi kwa watu wako. Na umtaje aliyekufundisha, kwa lugha yake.

Kwa hiyo nawaomba ninyi walimu wa sanaa na sayansi, kaeni meza moja. Mtoto wa Lushoto achore lile ua la Usambara akiwa analiangalia lilipoota. Mtoto wa Lamu achore mkoko na mizizi yake inayopumua. Mtoto wa Pemba achore mkarafuu, na ua lake kabla halijafunguka, maana hapo ndipo lichumwapo. Na chini ya kila mchoro aandike jina alilopewa na bibi au babu yake, pamoja na jina la bibi au babu huyo.

Nawaomba wasimamizi wa makumbusho yetu, mnapouweka ushanga katika kabati la kioo, andikeni jina la mwanamke aliyeutunga pale linapojulikana. "Ushanga wa Kimasai" haitoshi. Michoro ya Joy Adamson ina jina la Joy Adamson.

Nawaomba watunga shanga na wachoraji, mtu akija kutaka kununua mitindo yenu kwa ajili ya kiwanda chake, muulizeni kama Belcourt alivyouliza. Anaitengenezaje? Anachafua wapi? Jina la nani litaandikwa? Mkataba ukae katika lugha mnayoisoma.

Na wewe msikilizaji, kama nyumbani kwenu yuko mzee anayeijua mimea ya mahali penu, mwendee wiki hii na daftari na kalamu. Uliza jina la mmea, chora jani lake hata kama mkono wako ni mzito, andika mmea huo ulitumikaje na ni nani aliyekueleza. Kipepeo yule wa Ontario alitoweka wakati mmea mmoja ulipopungua. Maarifa ya mimea yetu hutoweka mzee mmoja anapoondoka bila kuulizwa.